Zizi la Felisita na Mdomo wa Januarius

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sioni haya kusema. Kwa hiyo mtu akianza kunisimulia kwamba Felisita wa Maganga alikuwa mama mpole tu aliyebahatika kupata mashine, namkata maneno hapohapo. Bahati gani? Mimi Esteria, mama Salu, nimeuza mchele kwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa mashine yake pale Bariadi tangu siku ilipowashwa mara ya kwanza. Nilimwona akifungua, nikamwona akifunga. Ngojeni niwaeleze vizuri.

Alizaliwa Lalago kwa wakulima wa pamba, Wakatoliki wa kwenda kanisani hata mvua ikinyesha. Akaolewa na Maganga, akaletwa upande wetu. Maganga alikuwa mtu wa ng'ombe na maneno machache. Walipata mtoto mmoja tu, Joakim, na watu walisema sana juu ya huyo mmoja, lakini Maganga hakuoa mke mwingine. Alipofariki, ndugu zake wakaja na macho makubwa kutazama mali. Wakamkuta Felisita ameshaweka kiti chake mlangoni. "Karibuni mkae, mle," aliwaambia. "Kuondoka hapa siondoki." Wakala ugali, wakaondoka wao.

Kisha serikali ikaachia biashara. Kampuni za watu binafsi zikaja kununua pamba, zikigombania wakulima waziwazi, maduka yakajaa vitu, na kila mwenye akili kidogo akatafuta cha kufanya. Felisita aliuza pamba ya msimu mmoja mzuri, akanunua mashine ya kusaga, ya dizeli, iliyokwisha kutumika. Siku ilipowaka alicheka mpaka akakaa chini kwenye pumba. Kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko mwili wake. Mpaka leo nikisikia mashine ya kusaga inawashwa, natabasamu peke yangu.

Sasa kuna jambo moja la kwetu, na usipolijua hutaelewa kitu. Msukuma mwenye akili hafugi ng'ombe wake wote nyumbani kwake. Wengine anawapeleka kwa mtu anayemwamini, mbali kidogo, wakae katika zizi la huyo. Ugonjwa ukiingia kwako, hawafi wote. Wezi wakija, hawachukui wote. Na ndugu wakija na shida zao, wanakuta zizi dogo, wanarudi na shida zao. Anayekufugia anakunywa maziwa, anatumia samadi, na mara mojamoja unampa ndama. Lakini kazi yake kubwa ni kufunga mdomo. Akiulizwa hawa ni wa nani, anajibu ni wa hapa. Haongezi neno.

Zizi la Felisita, kule shambani nje ya mji, lilikuwa la namna hiyo tangu Maganga yuko hai. Alipofariki, wenye ng'ombe wangeweza kuja kuwachukua, maana mjane hukaliwa na watu kichwani. Hawakuja. Walizidi kuleta wengine. Wangu nami walikuwamo, na nasema wazi kwa kuwa yalishatoka: mume wangu Kasmiri akiona ng'ombe anaona mke wa pili. Niliwanunua kwa mchele wangu, nikawapeleka kwa Felisita, nikatulia. Nani mwingine alikuwa na ng'ombe mle? Sikujua. Tulikaa ukuta kwa ukuta na hakuwahi kunitajia hata jina moja, na mimi ni mtu wa kuuliza kweli.

Basi biashara ikifunguka, na kodi nayo inafungua macho. Felisita hakusubiri kufuatwa. Alivaa kitenge chake cha kanisani akaenda mwenyewe kwenye ofisi ya kodi. Alimkuta bwana mmoja anaitwa Januarius, shati jeupe, sauti ya kusoma taarifa ya habari. Akaulizwa mashine inaingiza nini, inakula dizeli kiasi gani, akasema yote bila kuficha. Kisha Januarius akamwuliza, na mifugo je? Felisita akamtajia zizi zima.

"Zizi zima?" nilimwuliza aliporudi. "Hata wa watu?"

"Ningefanyaje, mama Salu? Ningesema wengine si wangu, angeniuliza ni wa nani."

"Kwa hiyo umejiandikisha mali ya watu serikalini?"

"Afadhali hivyo. Na yule bwana kaniambia nisiogope, ameapa kutotoa siri za watu. Kazi yake ni kama yangu tu."

Nilishika kichwa. Niambieni, ni wapi duniani mtu anajiongezea utajiri mbele ya mtoza kodi? Kwetu tu. Lakini yeye aliridhika kabisa. Alikuwa amepata mwenzake wa kazi, mtu mwingine wa kufunga mdomo, na alimwamini.

Joakim alikuwa amekwisha kukua, akimsaidia mama yake mashineni, na moyo wake ulikuwa kwa Minza. Minza alikuja mjini kujifunza ushonaji, binti mcheshi, mrefu, kwao Mwamapalala. Baba yake, Maduhu, ni mtu wa ng'ombe na mahindi, sauti nzito, mkali akiwa na njaa na mkali zaidi akishashiba. Wazee wetu walikwenda, wakazungumza, wakapatana: ng'ombe kumi na wawili. Felisita alifurahi mpaka akawa anasagia watu na kuwaongezea unga bila kujua. Alipaka chokaa chumba cha nyuma, akanunua pazia. "Mama Salu," aliniambia, "nilizaa mmoja tu nikanyamaza. Sasa Mungu ananiletea wa kike." Machozi yalimlengalenga. Namwambia kila mtu, mwanamke yule hakuwa na tamaa ya kitu kingine duniani ila huyo binti aingie katika kile chumba.

Ndipo Januarius akaalikwa ubatizo kule Mwamapalala, nyumbani kwa Maduhu. Weee! Watu wengine ukiwaketisha na wazee na ukawapa paja la kuku, mdomo unakosa breki. Maduhu akawa anawasimulia wageni kwamba binti yake anakwenda kwa watu wazuri wa Bariadi, wenye mashine. Januarius akacheka. "Kwa ng'ombe kumi na wawili?" akasema. "Mzee, umepunjwa mchana kweupe. Yule mama hesabu zake ninazo mimi. Zizi lake nimeliandika kwa mkono wangu." Akamwaga yote pale, mashine inaingiza nini na zizini mna ng'ombe wangapi. Na Minza amesimama hapohapo na birika la kunawisha watu mikono, anasikia.

Ujumbe ulitufikia kabla juma halijaisha. Maduhu anasema amedanganywa. Ng'ombe ni ishirini na wanne, la sivyo binti anabaki nyumbani, na kuna mwenye duka wa kule Binza ambaye ameshapiga hodi. Joakim ndiye aliyeleta habari, amesimama mlangoni mwa mashine, midomo imekauka. Felisita akaizima mashine. Sijawahi kumwona akizima mashine na debe la mtu liko katikati. Wateja wakanung'unika, akawaomba radhi, akakaa juu ya gunia.

"Tumfuate Januarius tumchane," nikasema. Damu ilikuwa inanichemka.

"Tumchane halafu?"

"Halafu roho itulie!"

"Yako itatulia. Mwanangu atakuwa bado hana mke." Akajifuta unga usoni. "Twende kwa mkubwa wake."

Tukaenda. Mkubwa wa ofisi alitusikiliza huku akitafuta kitu mezani. Akasema hayo ni maneno ya kwenye sherehe, mama, watu hunywa, watu huongea, nyie rudini mkaelewane na wakwe zenu. Hakututolea hata kiti. Nilitaka kumjibu, Felisita akanifinya mkono. Huko nje nilisema juu ya yule mkubwa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, maana kuna watoto wanasoma.

Wakati huo kulikuwa na wakili mmoja wa Shinyanga, dada anaitwa Martha, akija parokiani kwetu mara mojamoja kusaidia wanawake katika mambo ya mirathi na viwanja. Tukamsubiri. Felisita alimsimulia kila kitu, isipokuwa kitu kimoja mnachokijua. Martha aliacha kalamu.

"Mama, huo si umbea wa kawaida," akasema. "Ni kosa. Sheria ya kodi inamkataza mtumishi kutoa habari za mlipa kodi kwa mtu asiyehusika. Ukienda polisi na ikathibitika, anaweza kutozwa faini au kufungwa."

Mimi nikapiga makofi. "Afungwe!"

"Subiri, mama Salu," Felisita akasema. Akamgeukia wakili. "Akifungwa, maneno yake yatarudi?"

"Hayatarudi. Hiyo ni kesi ya Jamhuri, wewe unakuwa shahidi. Ukitaka ulipwe fidia kwa madhara uliyopata, unafungua madai yako mwenyewe. Hapo tutatakiwa kuonyesha mahakamani alisema nini na kilikuumiza vipi."

"Kimeniumiza kwa kuwa mahari imepanda na mtoto anakosa mke."

"Vizuri. Basi wakili wake atasimama akuulize, je, alichosema ni uongo? Ng'ombe wale si wako?"

Nami sasa niliona tunakoelekea. Mahakama ni ya wazi. Kila mtu angeingia kusikiliza, Kasmiri wa mbele kabisa, na kofia yake.

"Na nikikataa kujibu?" Felisita akauliza.

Martha alimtazama. Nadhani alielewa, maana naye ni Msukuma, hata kama alikuwa na viatu virefu. "Madai yako yatalegea," akasema taratibu. "Sitakudanganya. Lakini mama, kama unashika siri ya mtu, mwenye siri ndiye anayeweza kuifungua. Wewe mtunzaji huna ruhusa. Na ndivyo ilivyo kwa yule wa ofisini."

"Basi mimi na hiyo sheria tunaelewana," Felisita akasema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akatabasamu.

Njiani nilisimama katikati ya barabara. "Wangu wataje," nikamwambia. "Nakupa ruhusa. Waambie hawa ni wa Esteria."

"Na wengine? Nikitaja wako tu, watajua kuna wengine, wataanza kukisia nani. Huko ni kuwataja."

"Kwa hiyo mtoto akose mke kwa ajili ya ng'ombe wa watu?"

"Sitaki akose!" alisema kwa sauti, mpaka watu wakageuka. Ndiyo mara pekee niliyomsikia akipaza sauti. "Unadhani sitaki? Moyo unaniuma, Esteria. Lakini watu wale waliniletea mali yao nikiwa mjane, wakati hata ndugu wa mume wangu walikuwa wananipimia siku za kukaa. Nitawauzaje?"

Nikashika njia tena, naye nyuma yangu.

Wakili Martha alitafuta njia ya tatu, ambayo haikuhitaji mahakama kwanza. Akaandika malalamiko rasmi kwa mkubwa wa ofisi, na nakala kwa wakubwa wake wa juu. Ilihitajika mtu aliyesikia kwa masikio yake, na hapo tulidhani tumekwama, maana wazee wa Mwamapalala nani angewatoa? Akaja Minza mwenyewe. Alikuja kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi, akaeleza neno kwa neno alivyosikia akiwa na birika, akatia sahihi. "Baba atanipiga kelele," akasema, "lakini atazoea." Pale ndipo nilipompenda.

Safari hii mkubwa wa ofisi alitupa viti. Tena na soda. Januarius akaitwa, akakana kidogo, akasikia jina la Minza, akaacha kukana. Mkubwa akasema amemwondoa kwenye majalada ya walipa kodi, na shauri lake la nidhamu limepelekwa juu. Akasema pia, akimtazama wakili, kwamba mama ana haki ya kwenda polisi na haki ya kudai fidia, ofisi haimzuii. Jasho lilikuwa linamtoka Januarius kwenye lile shati jeupe. Nilifurahi, sitaficha.

"Mama unataka nini?" mkubwa akauliza.

"Kwanza aende aseme pale aliposema," Felisita akajibu. "Mbele ya walewale. Haya ya polisi nitayafikiri baadaye."

Tukaenda Mwamapalala Jumapili baada ya misa, mimi, Felisita, Joakim, wakili na Januarius. Wenyeji walikuwa wamekaa uani: Maduhu, mkewe Mektilda, kaka yake Masunga, na majirani waliokuja kusikiliza ya watu. Tukasalimiana mwadila, mwadila, tukapewa maji. Januarius akasimama. Akasema siku ile ya ubatizo alitoa habari alizozipata kazini, jambo ambalo aliapa kutolifanya, na sheria inalikataza, na anaomba radhi kwa mama huyu na kwa wote waliomsikia.

"Sawa," Maduhu akasema. "Umekosea. Lakini ulichosema ni kweli au uongo?"

Januarius akamtazama wakili. "Mzee, siruhusiwi kusema."

"Ebo! Juzi uliruhusiwa na kuku?"

Watu wakacheka. Maduhu hakucheka. Akamgeukia Felisita. "Basi nakuuliza wewe, mama Joakim, tena kwa heshima. Ng'ombe wa zizi lako ni wako wote?"

"Siwezi kusema."

"Ukisema si wako wote, tunarudi kwenye kumi na wawili. Ukisema ni wako, ni ishirini na wanne. Neno moja tu, jamani."

"Baba Minza, nimekusikia. Sisemi."

"Hata kijana wako akose mke?"

Nilimwona akimtazama Joakim. Kijana alikuwa ameinamisha kichwa, kisha akakiinua, akamtikisia mama yake polepole, maana yake usiseme. Sijui alijifunzia wapi kuwa mtu mzima kiasi kile. Felisita machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Hata hivyo," akasema.

Minza alikuwa mlangoni, kajishika kizingiti. Na mimi nilikuwa tayari nimeshafungua mdomo, lakini nikatanguliwa. Mektilda, mke wa Maduhu, aliinuka kutoka kwenye mkeka.

"Wangu wako mle," akasema.

"Nini?" Maduhu akasema.

"Ng'ombe wangu. Niliwapeleka kwa Maganga zamani, wakazaana. Wangebaki hapa, yule mdogo wako wa kukopakopa angewamaliza kwa madeni yake. Mama huyu amewatunza mpaka leo. Unamtoza mahari kwa ng'ombe wa mkeo."

Kabla Maduhu hajajibu, Masunga, kaka yake, akakohoa. Akakohoa tena. "Na mimi ninao kidogo," akasema, akitazama vidole vya miguu yake.

"Wewe pia?"

"Kidogo tu."

Basi na mimi nikasimama, nikasema wa Esteria nao wamo, na atakayempelekea Kasmiri habari hii ajue atakula mchele wa kununua Maswa. Jirani mmoja akainua mkono kama yuko darasani. Kisha mwingine. Wakili Martha alikuwa ameziba mdomo kwa leso, mabega yanamtikisika. Felisita alikuwa bado amekaa palepale, hakuthibitisha wala kukana hata mmoja wetu. Watu walimwuliza, ni kweli? Akasema, "Kila mtu na mdomo wake."

Maduhu si mjinga. Alimtaka kila mmoja ataje wake ni wangapi, akachukua ile hesabu ya Januarius, akahesabu kwa vidole, akatoa wa mkewe, akatoa wa kaka yake, akatoa wangu, akatoa wa majirani. Akarudia. Uso wake ukabadilika.

"Mama Joakim," akasema, sasa sauti imeshuka. "Hapa wako wamebaki saba."

Felisita akakaza kitenge chake kiunoni.

"Tulipatana kumi na wawili, na wewe una saba. Hao wengine ungewatoa wapi?"

"Nilikuwa naendelea kusaga," akasema.

Maduhu akasugua magoti. Kisha akasema wamletee hao saba, yatosha, asionekane yeye mtu wa kumkausha mjane. Na hapo ndipo Felisita alipofuta machozi na kukasirika kidogo, namna yake. Akasema tulishapatana kumi na wawili, neno ni neno, saba sasa na watano mavuno yajayo, na binti yako si wa bei ya kuhurumiwa. Minza akapiga kigelegele kabla ya mama yake. Aibu gani! Lakini tulimfuata wote.

Polisi Felisita hakwenda. Alisema amechoka na habari za midomo, na Januarius atashughulikiwa na wakubwa wake. Kweli alihamishwa, na walisema kazi yake mpya haikuwa na majalada ya mtu yeyote. Mimi ningemfunga. Na Kasmiri alijua siku ileile, kabla sijashuka kwenye gari. Tukagombana, akapoa, na mke wa pili hajaletwa mpaka leo kwa sababu wale ng'ombe bado wako kwa Felisita na hawatoki bila mimi.

Hili la mwisho nalisema kwa kuwa Maduhu mwenyewe hulisimulia kila anapokunywa kidogo, ni lake, mimi namfuata tu. Siku ya harusi, watu wakicheza, alimvuta Felisita pembeni, karibu na sufuria za wali nilizokuwa nazisimamia.

"Mkwe," alimnong'oneza, "lile zizi lako lina nafasi? Nina mitamba wanne. Mektilda asijue."

"Walete," Felisita akasema.

"Na wake, wa Mektilda, tangu siku ile wamezaana wakafika wangapi?"

Felisita akamtazama, akacheka kile kicheko chake mpaka wacheza ngoma wakageuka. Hakumwambia.